Mbio Huanzia Chunguni

Mbio huanzia chunguni. Mmemsikia mwalimu wenu wa michezo akisema hivyo, mkamcheka, mkadhani mzee wa watu anatetea ulafi wake. Kicheko hicho kiwekeni kwanza. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha Mwamalole, huko Usukumani, palikuwa na kijana aliyeitwa Luhende. Kwa kuendesha baiskeli hakuwa na mpinzani, na mwaka mmoja kijiji kilimchagua akashindane na waendeshaji wa mjini. Mshindi angepewa plau ya kukokotwa na ng'ombe. Mwamalole nzima ilikuwa ikilima kwa jembe la mkono, kwa hiyo plau ile ilizungumzwa kila baraza kana kwamba imeshafika.

Desturi yao ilikuwa kumlisha mwendeshaji kwa zamu, nyumba kwa nyumba, hadi siku ya mashindano. Mwaka ule mvua zilikuwa zimewachezea, maghala yalikuwa yanaonyesha sakafu, lakini hakuna nyumba iliyoruka zamu yake. Zamu ya mwisho, ya kuamkia mashindano, alipewa Bi Nkamba, mjane aliyeishi peke yake karibu na barabara. Alitoa matobolwa aliyokuwa ameyaweka akiba, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa juani, akayapika upya na karanga, akaongeza kibuyu cha maziwa mgando.

Sasa Luhende alikuwa na jambo lake moyoni. Alipokwenda mjini kujiandikisha aliwaona waendeshaji wa huko, wembamba, nguo zimewabana, na mmoja akamwambia kwamba tumbo zito halipandi kilima. Maneno yale yakamwingia. Isitoshe, aliona haya kwamba mtu wa mashindano makubwa analishwa matobolwa, chakula cha siku za shida. Tangu hapo kila chungu alichopewa alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri, akazunguka nyuma ya zizi na kuwamwagia mbuzi. Jioni alijipima kiuno kwa kamba na kufurahi. Mtu na akili zake!

Siku ya mashindano aliongoza tangu mwanzo, na watu wa Mwamalole waliosimama njiani wakapiga vigelegele. Walipofika kwenye kilima cha mwisho miguu yake ikakataa. Jasho la baridi likamtoka, barabara ikamzunguka, akaanguka. Wenzake wakampita mmoja baada ya mwingine. Alirudishwa nyumbani juu ya mkokoteni wa punda, kajifunika uso, na plau ikaenda kwingine.

Jioni wazee wakamwuliza alikula wapi mara ya mwisho. Luhende angeweza kusema kweli. Lakini aliwaza habari ya mbuzi, akaona haya, akajibu kwa sauti ndogo, "Kwa Bi Nkamba." Hakusema zaidi, na wao hawakuuliza zaidi.

Neno likishatoka halina kamba ya kulivutia. Kesho yake akina mama waliwakataza watoto kunywa maji kwa Bi Nkamba. Baadaye bibi akisalimia kisimani, aliitikiwa na watu wanaotazama ndoo zao. Luhende aliyasikia yote hayo. Kila usiku aliapa kwamba asubuhi atasema, na kila asubuhi akaona afadhali asubiri kidogo.

Ikafika siku ya kupalilia pamba kwa pamoja. Kwa kawaida kila mwanamke alileta chungu chake, na watu wakala wakizunguka kutoka chungu hadi chungu. Siku hiyo walikiruka cha Bi Nkamba. Bibi wa watu aliketi kando yake muda mrefu. Kisha, bila kumlaumu yeyote, akachota, akala tonge la kwanza na la pili, polepole, ili wamwone kwamba hafi.

Luhende hakuweza kuendelea kutazama. Aibu ya kuanguka kilimani aliiona kuwa mchezo wa watoto mbele ya aibu hii. Akasimama katikati ya watu.

"Sikula," alisema.

"Hukula nini?" mzee mmoja akauliza.

"Chakula cha bibi. Wala vyakula vyenu. Vyote niliwapa mbuzi, nikitaka niwe mwepesi kama watu wa mjini. Bibi hakunilisha kitu kibaya. Nilianguka kwa njaa."

Mama yake Luhende akajifunika uso kwa khanga. Baba mmoja mwenye watoto wengi akasema, tena bila ukali, "Wanangu walilala na uji mtupu ili wewe ule." Luhende angependa kutukanwa kuliko kuambiwa hivyo.

Bi Nkamba alimtazama mpaka kijana akainamisha kichwa.

"Mbio huanzia chunguni, mjukuu wangu," alisema. "Watu wa mjini hawakukushinda. Wewe hukukimbia kabisa."

Akajaza bakuli, akampa. Luhende akala pale pale, mbele ya wote, machozi yakimdondokea chakulani, na kila alipotaka kuacha bibi alimwambia, "Kula." Wengine nao wakasogea kimyakimya, macho chini, wakachota kwenye chungu kile kile. Haya haikuwa ya Luhende peke yake tena. Hakuna aliyempa bibi pole siku hiyo, kwa maana hakuna aliyejua aanzie wapi.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mwili usiolishwa hauna mbio, hata ukiwa mwepesi kama unyoya. Na chakula unachokimwaga kuna mtu aliyejinyima ili kikufikie. Mbio huanzia chunguni, wajukuu zangu. Haya, semeni kweli: nani kati yenu leo ameuacha mezani uji wa mama yake?