Miji Aliyopewa Fisi

Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna polepole, maana hadithi hii siirudii. Ni ya mwaka ule ambao mvua ilitusahau kabisa, na Fisi naye akakumbuka kwamba ana tumbo. Ingawa, tuseme ukweli, hilo hajawahi kulisahau.

Mwaka ule mbuga yote ilikauka mpaka vyura wakahama bila kuaga. Watu walikula vya kuokoteza: mizizi, ukwaju, matunda ya porini. Nafaka iliyobaki ilikuwa ya mbegu tu. Kila nyumba ilikuwa na kibuyu kimoja cha mtama, kimening'inizwa juu ya moshi wa jiko ili kisiliwe na wadudu. Hakuna aliyethubutu kukigusa. Mvua ikirudi ikukute huna mbegu, utapanda nini? Mate?

Fisi akaviona vile vibuyu, na mnamjua Fisi. Akazungushia miiba uwanja wa nyuma ya kilima, akawaita nyani wapige ngoma na kuruka sarakasi, kisha akasimama mlangoni na kikapu.

"Karibuni kwenye raha!" akapaza sauti. "Kibaba kimoja cha mtama kwa kila kichwa! Hata kichwa kidogo ni kichwa!"

Ngoma ilisikika hadi mtoni. Watoto wa mbuga nzima wakaanza kulia wapelekwe. Swala akavumilia siku mbili, ya tatu akashusha kibuyu chake. Nungunungu hakumaliza hata siku moja. Mbegu zikaingia kikapuni kwa Fisi, na watu wakarudi nyumbani wamechangamka, mpaka walipotazama juu ya jiko na kuona kamba tupu.

Kule Majanini, kwa Sungura, kilio kilikuwa kikubwa zaidi, kwa sababu Sungura ana watoto tisa. Aliyewaongoza ni kifunguamimba wao, Kijino, msichana mwenye sauti ya filimbi.

"Baba, wenzetu wote wamekwenda! Sisi tu ndio tumekaa kama mawe!"

Mama Kijino alikuwa amechoka. Aliinua macho akakitazama kibuyu, akanyoosha mkono. "Baba Kijino, tuwapeleke mara moja tu. Mimi siwezi kuwatazama watoto wangu wakinuna hivi kila siku. Moyo unaniuma."

"Hata mimi unaniuma," akasema Sungura. "Lakini nipe alasiri moja. Jua likishuka kabla watoto hawajacheka mpaka mbavu ziwaume, nitakishusha hicho kibuyu mwenyewe, tena nitakibeba hadi kwa Fisi kwa magoti."

"Utawachekesha na nini? Nyumba hii haina kitu!"

"Ina chungu kilichotoboka, ina ufagio, ina mimi."

Mama Kijino akaguna, akaurudisha mkono chini.

Basi Sungura akakifunika kile chungu juu chini, akampa mtoto wa pili akipige. Akawafunga watoto miguu wawiliwawili kwa majani ya mgomba, wakashindana mbio kuizunguka nyumba. Walianguka zaidi kuliko walivyokimbia. Kisha akafunga ganda la boga mgongoni, akatembea kama Mzee Kobe anayewahi harusini. Akalishika pia kapu la ukwaju, akabinua mdomo, akasema kwa sauti nzito, "Hata kichwa kidogo ni kichwa!" Hapo Kijino alianguka chali, akapiga teke ufagio, ufagio ukampiga baba yake puani. Mama Kijino, aliyekuwa amenuna, akacheka mpaka akashika ukuta.

Dada Kanga, jirani yao, akachungulia uani. "Jamani, kuna nini? Mmepata wageni?"

"Mgeni ni wewe. Pita ndani!" akasema Sungura. "Uje na mkeka, sisi wetu umechanika."

Kanga akaja na mkeka na vifaranga vyake. Swala akaja na fungu la mchaichai. Mzee Kobe aliitwa alasiri, akafika jua likizama, na anakaa nyumba ya pili. Mama Kijino akakoroga ukwaju kwa maji kidogo, kila mtu akapata kata moja. Kesho yake wakarudi, na wengine wakaongezeka. Siku ya tatu nyani walipiga ngoma nyuma ya kilima wakitazamana wao kwa wao.

Fisi akafuata kelele za vicheko. Alipofika Majanini akakuta uwanja umejaa, hapana miiba, hapana mlango, hapana kikapu.

"Ala! Shughuli bila mjomba wenu?" akasema, akajichekea. Fisi hucheka tu, hata pasipo na la kuchekesha.

"Karibu, Mjomba Fisi," akasema Mama Kijino, akampa kata ya ukwaju. Fisi akanywa, akaomba ya pili, akaomba ya tatu. Mzee Kobe akaikosa yake.

Walikuwa wanaanza vitendawili. Swala akasita. "Mimi niliambiwa anayetega vitendawili mchana huota pembe."

"Wewe unaogopa nini?" akauliza Kijino. "Si unazo tayari?"

Wakacheka, mchezo ukaanza. Mnajua unavyochezwa: mmoja anatega, wengine wanategua. Wakishindwa, anadai mji, nao wanampa mji wowote wanaotaka. Naye anajisifu kidogo alivyopokewa huko, ndipo anatoa jibu. Basi, ni hivyo tu, mchezo wa kujifurahisha.

Lakini Fisi aliposikia habari ya kupewa mji, masikio yalisimama. "Ngojeni. Mji nikipewa, ni wangu?"

"Wako kabisa," wakajibu watoto. "Ndivyo mchezo ulivyo!"

"Mmesikia wote?" akauliza Fisi. "Basi natega mimi. Kitendawili!"

"Tega!"

"Ana miguu minne, amebeba nyumba yake mgongoni, na hajawahi kuwahi popote."

Wote wakamgeukia Mzee Kobe. "Kobe!"

"Sivyo. Ni konokono."

"Konokono ana miguu minne?" Mzee Kobe akang'aka.

"Wa kwetu anayo. Nipe mji!"

Mzee Kobe akasonya, lakini mchezo ni mchezo. "Haya, nimekupa Kichuguuni." Hapo ndipo anapokaa.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Ni mviringo, lina ganda jeupe, Kanga hulilalia."

"Yai!" akasema Kanga. "Hilo nisipolijua mimi, nani alijue?"

"Sivyo. Ni jiwe. Siku moja ulililalia jiwe, nilikuona kwa macho yangu. Nipe mji!"

Kanga akampa Kichakani kwake, huku akinung'unika. Kijino naye akajibu sahihi, akaambiwa sivyo, akampa Majanini. Watoto wakaanza kulalamika kwamba mjomba anadanganya. Fisi alikuwa anahesabu vidoleni, midomo ikimcheza, wala hakuwasikia.

Mama Kijino alimtazama vidole, kisha akamtazama mumewe. Sungura akakuna sikio. Mke na mume waliokaa pamoja miaka mingi hawahitaji maneno mengi.

"Kitendawili!" akaita Fisi.

"Nimeshindwa," akasema Mama Kijino.

"Bado sijatega!"

"Wewe ni bingwa, mjomba, kwa nini nijichoshe? Chukua mji. Nimekupa Mwambani."

Mwambani ndiko kwa Simba, kwenye jiwe lake kuu na chemchemi pekee iliyokuwa bado na maji. Fisi mwenyewe alimeza mate. Lakini alipoifikiria ile chemchemi, akasahau kuogopa. Akasimama, akatunisha kifua.

"Nilipofika Mwambani," akajisifu, "niliketi juu ya jiwe kuu! Nikanywa chemchemi mpaka likabaki tope! Na mwenye mji akaniosha miguu, akanikausha kwa manywele ya shingo yake!"

Watoto wakapiga makofi. Hayo yalikuwa majigambo bora ya siku ile.

Kulipopambazuka, Fisi akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kwa Mzee Kobe alisema, "Kichuguu hiki nilipewa jana, mashahidi wapo. Ukitaka kukaa, leta kibuyu cha mbegu." Mzee Kobe alibisha, lakini Fisi ana meno, akakitwaa. Kwa Kanga hivyohivyo. Kisha akafika Majanini, akainua macho juu ya jiko.

"Majanini ni kwangu. Shusha hicho kibuyu, au shusha watoto wako mkatafute pa kulala."

Watoto wakamkumbatia mama yao. Kijino akalia kwa uchungu, maana mji ule aliutoa yeye. "Mama, nilidhani tunacheza tu!"

"Ndiyo tulikuwa tunacheza, mwanangu. Futa machozi." Kisha Mama Kijino akamgeukia mgeni wake kwa adabu. "Hatukatai, mjomba. Ila mji hauhamishwi kienyeji. Twende kwa Mfalme, akuthibitishie mbele ya watu, asije mtu kukusumbua kesho."

Fisi akaona ni neno la maana, akatangulia mbele na vibuyu viwili shingoni. Mbuga nzima ikamfuata.

Simba alikuwa juu ya jiwe lake akichanwa nywele. Simba akichanwa nywele hapendi kusemeshwa, lakini aliona umati, na umati anaupenda.

"Semeni. Kwa ufupi, na mnitazame mnapozungumza."

Fisi akaeleza jinsi alivyopewa miji. Simba akapiga mwayo. "Ulipewa mbele ya mashahidi?"

"Wote hawa, Mheshimiwa."

"Basi kilichotolewa kimetolewa. Sisi hatuna maneno mawili. Miji mingapi?"

"Mitatu tu, Mheshimiwa," akasema Fisi haraka.

"Minne!" wakapaza sauti watoto wote, wa Sungura na wa Kanga.

"Mitatu! Watoto hawajui kuhesabu!"

"Minne!" akasema Kijino, na ile sauti yake ya filimbi ikapanda hadi juu ya jiwe. "Wa nne alijisifia hivi!" Akasogea mbele, akatunisha kifua, akasema kama Fisi alivyosema, neno kwa neno: jiwe kuu, chemchemi, tope. Fisi akaanza kumkonyeza. Akamkonyeza kwa jicho la kulia, akamkonyeza kwa la kushoto. "Na mwenye mji akaniosha miguu," Kijino akamalizia, "akanikausha kwa manywele ya shingo yake!"

Kitana kikasimama katikati ya nywele.

"Nani," akauliza Simba taratibu, "alimwosha nani miguu?"

"Fisi. Ikiwa Kichuguuni ni kwako, basi na hapa nilipokaa ni kwako. Nishuke?"

"Hapana, Mheshimiwa! Usishuke! Ulikuwa mchezo!"

"Mchezo?"

"Mchezo tu! Wa kupumbaza watoto!"

"Na Kichakani?"

Fisi akavishika vibuyu. "Mchezo," akasema.

"Na Majanini?"

"Mchezo." Sasa ilibidi utege sikio ndipo umsikie.

"Warudishie watu mbegu zao. Na huo mtama mwingine, niliosikia ulikuwa ukiukusanya mlangoni?"

"Huo waliutoa kwa hiari, Mheshimiwa! Waliingia kutazama sarakasi!"

Simba akainuka, akakunja uso. Kumbe jeraha lenyewe lilikuwa hapo. "Ulikuwa na sarakasi mbugani mwangu, na mimi hukunialika?"

Jioni ile ghala la Fisi likafunguliwa. Swala akarudishiwa kibuyu chake, Nungunungu chake, kila mtu chake. Mvua ilipokuja, ikakuta mbegu zinaingoja. Ule uwanja wa nyuma ya kilima uliota nyasi, na nyani wakahamia uani kwa Sungura, wakapiga chungu kilichotoboka kwa malipo ya kata moja ya ukwaju.

Siku moja Fisi akaja, akaketi pembeni na mkia chini. Hakufukuzwa. Watoto wakamwomba atege, naye akatega, safari hii bila hila. Wakashindwa.

"Nipe mj..." akaanza, akaziba mdomo. "Sitaki! Bakini nayo!"

"Lazima uchukue, mjomba," akasema Kijino. "Ndivyo mchezo ulivyo."

Fisi akafikiri sana, jasho likamtoka. "Basi nipeni kidogo kabisa. Nipeni... lile tundu la panya pale ukutani."

Panya akatoa kichwa tunduni. "Karibu nyumbani, mwenye mji," akasema. "Nikuoshe miguu?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na Fisi, ambaye amecheka maisha yake yote bila sababu, siku ile alicheka kwa sababu alichekeshwa, akacheka mpaka akamwegemea Mzee Kobe. Hakulipa kitu, wala hakuna aliyemdai. Alipopata pumzi akafuta machozi, akanyoosha kata yake kwa Mama Kijino.

"Bado upo ukwaju kidogo?" akauliza.

Nami naukunja mkeka wangu hapa. Kama kwenu kuna chungu kilichotoboka, msikitupe.