Bendera Yenye Tope

Hapo zamani, kabla reli haijafika Unyanyembe, aliishi mjane aitwaye Bi Msimu. Mumewe alikuwa khalifa, kiongozi wa twarika ya mji wao. Alipokaribia kufa alimkabidhi mkewe bendera ya kijani, akamwambia:

"Twarika ni neno la Kiarabu, maana yake njia. Kwanza ilikuwa njia ya mwalimu kumwongoza mwanafunzi kwa Mungu. Baadaye wale waliokwenda pamoja wakaitwa hivyo wenyewe. Mpe bendera atakayeishika njia, awe khalifa. Tena isiguse chini."

Ikafika siku ya ziara, watu kwenda kuzuru kaburi la sheikh wao wa kwanza. Wanafunzi watatu wa marehemu waliongoza msafara. Feruzi alitangulia akisoma uradi, dua wanazopokezana tangu kwa sheikh. Mbaruku alibeba bendera, Songoro akafuata akipiga dufu. Wakakuta mto umefurika. Feruzi akavuka. Bi Msimu alipofika ukingoni akateleza, maji yakamchukua.

Mbaruku akaiachia bendera, akarukia majini, akamshika Bi Msimu. Bendera ikaanguka matopeni, mto ukaizoa. Songoro akalitupa dufu, akaogelea hadi akaikamata. Feruzi hakugeuka. Siku ilikuwa inaisha, na uradi sharti utimizwe kaburini kabla ya jua kuzama. Akaenda kaburini, akautimiza uradi peke yake.

Waliporudi mjini, watu wakaketi duara. Lakini zikri, kumtaja Mungu kwa pamoja, haianzi bila khalifa.

Feruzi akasema, "Mama, uradi ule haujakatika tangu enzi ya sheikh. Ningegeuka, ungekatika. Njia ni kupokezana."

Songoro akacheka. "Ulipokezana na nani, na kaburi? Watu hufuata bendera, bwana! Nisingeiopoa, leo tungegombania nini?"

Mbaruku akainama. "Mimi niliiangusha, nakiri. Lakini njia isiyo na wapitaji huota majani."

"Haya, msikieni!" akasema Songoro. "Anajua mama hawezi kumnyima."

Watu wakacheka. Bi Msimu hakucheka. Kifundo cha mkono kilimuuma bado, pale vidole vya Mbaruku vilipomshika. Akimpa yeye, watasema amelipa fadhila. Akimnyima, atamtazamaje?

Huko nyuma wengine walikwisha kuvaa makubazi. Wakiondoka sasa, watakwenda njia tatu.

Bi Msimu akainuka, bendera mkononi. Ilikuwa mbichi, pindo lake lina tope.

Haya, nanyi mliowasikiliza hao watatu: angekuwa mama yenu, mngemwambia aiweke mkononi mwa nani?