Mbwa Aliyelia Mdomo Umefungwa

Cha kinywani si cha tumboni.

Mbwa alionekana akitoka kwa jirani na kifaranga mdomoni. Msemo huo ulizaliwa hapo. Kwa wafuga kuku, mbwa wa namna hiyo hana kesi. Akishaonja kifaranga leo, kesho atamtaka tetea, na mwenye mbwa anatakiwa amuue mwenyewe kabla jirani hajaja na panga.

Nawaambia kwa sababu asubuhi mlimwona Ambokile akisukuma pikipiki ya Lwitiko, mkapiga kelele za mwizi. Kumbe alikuwa anaipeleka kwa fundi. Bibi Sekela akawatupia msemo huo, na badala ya kwenda kumwomba Ambokile radhi, mmekuja kuniuliza umetoka wapi. Haya, kaeni. Mkitoka hapa mnakwenda kwake.

Mwangoka alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya chai, hapa hapa Rungwe. Meneja wake, Mzungu, aliporudi kwao alimwachia mbwa, dume kubwa la rangi ya asali, jina lake Bosi.

"Huyu ni labrado," Mzungu alimwambia. "Kwetu mwindaji akipiga bata akaangukia ziwani, huyu huogelea akamleta. Hamtoboi hata ngozi."

Mwangoka aliitikia tu. Alichosikia yeye ni kwamba amepata mbwa wa Kizungu. Akatundika kibao getini: MBWA MKALI.

Bosi hakuwa mkali. Mgeni akiingia alimpokea kwa mkia, kisha akabeba kiatu chake kimoja na kumpelekea Mwangoka. Alileta kuni, alileta ndala. Siku moja alileta yai kutoka kichakani, halina hata ufa. Mke wa Mwangoka alilikaanga bila kujiuliza kitu.

Majirani walipata la kucheka. "Mwangoka, huo ukali ni kazi yake au ni jina la ukoo?"

Aliyempenda mbwa ni binti wa Mwangoka, Subilaga. Alikuwa akimrushia vijiti mtoni, Bosi anaogelea na kumrudishia mkononi. Baba yake aliguna. "Anakula ugali wa watu wawili, kazi yake kuokota vijiti!"

Mwezi wa nne mvua ilinyesha mchana kutwa, mfereji wa barabarani ukafurika. Maji yakaingia uani kwa Mama Tusekile, mjane wa ng'ambo ya pili ya mfereji. Tetea wake alikuwa ametotoa juzi, na mjane yule hakuwa na mifugo mingine. Mvua ilipopungua alitoka, akakuta tenga la vifaranga limelala ubavu, tupu. Tetea yuko juu ya uzio analia. Na Bosi huyo anaruka mfereji, unyoya wa njano umechungulia mdomoni.

"Mwangoka! Toka nje! Mbwa wako kamaliza vifaranga wangu!"

"Wote?"

"Ulitaka anibakizie mbegu? Toka umwone, bado anatafuna!"

Mwangoka akatoka na mpini wa jembe. Bosi alipomwona alikuja moja kwa moja, mkia unacheza, akakaa mbele yake na kuinua kichwa. Mwangoka akadhani ni kiburi. Akampiga mguu wa nyuma, mfupa ukalia.

Mbwa yeyote akipigwa hufungua mdomo. Yule alilia mdomo umefungwa, sauti inatokea puani, wala hakukimbia. Mwangoka akainua mpini tena, safari hii kwa kichwa. Subilaga akaruka akamkumbatia mbwa shingoni.

"Baba, subiri! Anakuletea!"

"Ananiletea nini? Toka hapo!"

"Mkingie mkono, kama mimi na vijiti. Mkono tu, baba."

"Mkingie," Mama Tusekile akasema kwa uchungu. "Tupate japo mguu wa kuzika."

Mwangoka akashusha mpini, akakinga kiganja. Bosi akafungua mdomo taratibu, akaweka kifaranga. Alikuwa amelowa mate, anatetemeka. Kisha akalia: pii.

Ndipo mke wa Mwangoka akaita kutoka jikoni:

"Baba Subilaga! Nani kaniletea vifaranga humu? Wamejaa kwenye gunia analolalia mbwa, karibu na moto!"

Mama Tusekile alikimbilia jikoni. Aliwahesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza machozi yalimzuia kuona. Wote walikuwepo. Mbwa alikuwa amevuka maji yale na kurudi, akiwatoa mmoja mmoja, na yule wa kiganjani alikuwa wa mwisho. Mjane akatoka, akaketi kwenye tope kando ya mbwa, akamshika kichwa.

"Jamani," akasema, "kumbe cha kinywani si cha tumboni."

Tangu hapo vifaranga wake walishinda wakidonoa katikati ya miguu ya Bosi, naye alitulia tu. Mtu akimwita mbwa yule mzembe, Mama Tusekile ndiye aliyemjibu, na hakumjibu kwa upole.

Sasa sikieni ilichogharimu. Mguu mmoja wa nyuma, uliopona ukiwa umepinda. Khanga moja mpya, iliyochanwa kuufunga mguu huo. Na tangu siku ile hadi anakufa, kila Mwangoka aliposhika jembe kwenda shamba, Bosi aliinuka akatoka uani akichechemea, asirudi mpaka mpini ule uondoke. Vifaranga hakupungua hata mmoja.

Cha kinywani si cha tumboni.