Ubao Mmoja Tu

Anayekata gogo kwa shoka husikika kijiji kizima. Anayelibandua kibanzi kimoja kimoja hasikiki, na mara nyingi hata yeye mwenyewe hajui kwamba anakata gogo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa msimamizi wa mto ambaye wakulima walimwita Mama Huruma.

Kazi yake ilikuwa kugawa maji kati ya mashamba ya juu na bwawa la mji ulio chini. Kando ya mto palikuwa na malango ya zege ya mifereji, na kila lango lilizibwa kwa mbao zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ubao ukitolewa, maji zaidi huingia shambani na machache huteremka bwawani. Kanuni ilikuwa fupi: ubao utolewe kwa dharura, urudishwe dharura ikiisha. Nusu ya kwanza ya kanuni Mama Huruma aliitekeleza bila kasoro. Nusu ya pili ilimshinda. Kurudisha ubao kwenye lango la mkulima aliona ni sawa na kumpokonya tonge mdomoni, naye hakuwa na uso huo.

"Mama, nyanya zangu zimelala kama wagonjwa. Ubao mmoja tu!"

"Mmoja tu, na usinizoee."

"Aa, mama, nilishakuzoea zamani!"

Walicheka wote wawili. Kisha aliutoa ubao, akaubeba kwapani hadi stoo, na kuusukumia ndani kupitia dirisha, maana mlango ulikuwa mzito na yeye alikuwa na haraka. "Mto mzima huu," alizoea kusema, "utaumwa na ubao wa upana wa kiganja?"

Mdogo wake, fundi cherehani, aliishi mjini. Figo zake zilikuwa zimegoma, na mara tatu kwa wiki mashine ya hospitali ilimsafisha damu. Mwenyewe alikuita huko kufuliwa.

Siku moja alipiga simu. "Dada, leo sijafuliwa."

"Umeme umekatika?"

"Umeme upo, maji ndiyo hakuna. Mashine hizi zinakunywa kuliko ng'ombe, na bomba linakohoa tu."

"Mbona mvua zilinyesha vizuri?"

"Mimi nitajuaje? Nyinyi wa huko juu ndio majirani wa mawingu."

Mama Huruma alishika njia siku hiyo hiyo. Barabara ilipita juu ya ukuta wa bwawa, na hapo aliteremka garini. Maji aliyozoea kuyaona yakilamba ukuta yalikuwa yamejikunyata katikati, kama uji uliosalia chini ya sufuria. Tope lilikuwa limepasuka. Mdomo wa bomba la mji ulikuwa hewani, mkavu, umeachama.

"Nani katuibia?" alimfokea mhandisi wa bwawa. "Nionyeshe shamba lake nikalizibe leo!"

"Mwizi mkubwa tumemtafuta msimu mzima, hayupo," mhandisi alijibu. "Mvua ni ile ile. Juu ya mashamba mto ni ule ule. Chini ya mashamba haufiki nusu. Mama, malango yako yamebaki na mbao ngapi?"

Alianza kuhesabu kwa vidole, akagundua kwamba hajui.

Alirudi mbio hadi stoo. Mlango ulikataa kufunguka. Ilibidi vibarua wausukume kwa mabega, na ulipoachia, mbao ziliporomoka kwa kishindo hadi miguuni pake. Nyuma ya hizo zilikuwapo nyingine, zimerundikana mpaka darini, za chini zimeshaliwa na mchwa.

"Hizi zote nimezitoa mimi?" aliuliza.

"Sasa nani mwingine, mama?" kibarua mmoja alisema. "Sisi tulidhani unajua."

Walianza kuzirudisha papo hapo, lango kwa lango, huku wakulima wakimzonga.

"Mama, unatuua! Wangu ulikuwa mmoja tu!"

"Na mimi mmoja tu!"

Karibu wote walisema kweli, na hilo ndilo lililomtia hofu kuliko kelele zao.

Mto ulijaa tena. Lakini kilichopungua kwa miaka hakirudi kwa siku moja. Kwanza mchanga wa mto ulikunywa, kisha tope la bwawa likanywa, na mdomo wa bomba ulikuwa bado juu. Hospitali ilianza kuwahamishia wagonjwa mji wa mbali, wachache wachache, kwa foleni.

"Dada, nimevimba kama mto wako," mdogo wake alimwambia kwa simu, akihema.

"Vumilia, mdogo wangu. Maji yako njiani."

"Yaambie yakimbie basi."

Zamu yake ya kuhamishwa haikufika. Maji yalifika mjini siku ya mazishi. Waombolezaji walipotoka makaburini walinawa mikono kwenye bomba la uani kwake, na lilitiririka kwa nguvu, bila kukohoa. Mama Huruma alisimama akilitazama mpaka mhandisi, aliyekuja kutoa pole, akalifunga.

"Niambie ukweli," alimwomba. "Ni ubao upi uliomuua?"

Mhandisi hakuwa mtu wa kusema uongo ili kufariji. "Hakuna, mama. Hata mmoja."

Hakuna ubao uliotosha kuua, na mtu amekufa. Bandu bandu huisha gogo.