Luhende na Ng'ombe Walionenepesha Wengine

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa zizi, pakawa na kibuyu. Aliyekama anywe!

— Mwenye kijicho ameze mate!

Hapo kale, bibi yangu hajaota jino la kwanza, palikuwa na nchi ya ng'ombe. Juu ilikuwa milima ya mawe, watu wake walilima mtama. Chini palipita mto, watu wake walilima mpunga na kuvua kambare. Mbele ya mto ilikuwa mbuga kavu, watu wake walichota chumvi. Na katikati waliishi wafugaji.

Wafugaji hao walikuwa na desturi. Hakuna aliyeweka ng'ombe wake wote katika zizi moja. Mmoja alimpeleka kwa shemeji, mwingine kwa rafiki, wawalee. Mlezi alikunywa maziwa na kutia samadi shambani. Ndama walikuwa wa mwenye ng'ombe, lakini kila ndama wa tatu alikuwa wa mlezi. Mlezi naye hakukosa adabu: akivuna, alimletea mwenye ng'ombe kikapu.

Basi alikuwapo Luhende. Ng'ombe thelathini zizini, watatu kwa walezi. Mtama alikula, kambare alikula, chumvi ilimjaa ndani. Alikosa nini? Hakukosa kitu! Lakini hasidi hana sababu. Kila akishika kibuyu chake kilichojaa, aliwaza vile vibuyu vitatu vya mbali, na maziwa yakamkaa kooni.

Siku moja akachukua fimbo na kamba, akapanda mlimani kwa shemeji yake Sayi. Sayi akamlaki kwa furaha. Luhende akamtazama tumbo.

"Umenenepa, shemeji. Umenenepa kwa maziwa yangu."

"Lakini shemeji, ndiyo desturi!"

"Desturi hainywi maziwa. Nipe ng'ombe wangu."

Akamfunga kamba, akashuka naye. Njiani yangeyange, yule ndege mweupe afuataye mifugo, akamtulia ng'ombe mgongoni, akasema:

"Luhende, Luhende, sotoka, tauni ya ng'ombe, iko njiani. Acha hata mmoja nje!"

"Nyamaza, mla kupe! Hata wewe umenenepa kwa kupe wangu!"

Siku ya pili akateremka mtoni kwa rafiki yake Mhoja. Mhoja alikuwa anawatandikia watoto wake jamvi ili wale.

"Umenenepa, rafiki. Umenenepa kwa maziwa yangu."

"Na kambare niliokuletea juzi, je?"

"Kambare ana miiba. Nipe ng'ombe wangu."

Akamfunga kamba, akaondoka naye. Yangeyange huyo, akatua:

"Luhende, Luhende, sotoka iko njiani. Acha hata mmoja nje!"

"Nyamaza, mla kupe!"

Siku ya tatu akaivuka mbuga, mwendo wa kutwa nzima, kwa mama Nshoma, mjane mchota chumvi. Huyu ndiye aliyemuuma Luhende kuliko wote. Ng'ombe wake, Madoa, alikuwa amezaa mara sita kwa mjane yule. Ndama wanne walikwenda kwa Luhende. Wawili, mitamba wazuri ajabu, walikuwa wa Nshoma kwa haki. Na Madoa aling'aa! Alikuwa akilamba magadi, akipigwa brashi ya majani asubuhi na jioni.

"Umenenepa, mama Nshoma. Umenenepa kwa maziwa yangu."

Mama Nshoma akasema, "Baba, mitamba wangu bado hawajazaa. Nina mjukuu hapa hana mama, hayo maziwa ndiyo mama yake. Ngoja mvua moja tu."

"Sikuzaa mimi mjukuu wako. Nipe ng'ombe wangu."

Madoa mwenyewe akageuza shingo, akanena: "Bwana, thelathini unao. Mimi mmoja nimekukosea nini?"

Luhende akavuta kamba. Yangeyange akatua mara ya tatu, akafungua mdomo, na Luhende akamrushia fimbo. Ndege akaruka, hakurudi tena.

Jioni ya kesho yake, alipofika nyumbani, Luhende akahesabu zizi lake: thelathini na tatu, hakuna wa nje hata mmoja. Akacheka peke yake, pweke kabisa. Mtama haukuja tena, kambare hawakuja, chumvi ikaisha ndani.

Kisha sotoka ikafika. Siku ya kwanza wakatokwa na machozi. Siku ya pili wakakataa majani. Siku ya tatu zizi likanyamaza. Wote! Hata Madoa.

Luhende akakonda, mbavu zikahesabika. Aliona haya kwenda mlimani, aliona haya kwenda mtoni. Na mbugani, nani angethubutu?

Mvua ikanyesha, ikapita. Asubuhi moja akasikia kwato mlangoni. Ni mama Nshoma, mjukuu mgongoni, na nyuma yake mmoja wa mitamba wake, amezaa, ndama anamfuata.

"Nimebaki na wawili, wote wamezaa," akasema. "Nikiwaweka zizi moja, sotoka ikirudi nitalia kama wewe. Mlee huyu. Maziwa yako, ndama wangu, wa tatu wako."

Luhende akapokea kamba kwa mikono miwili.

Alimlea ng'ombe yule. Alimpiga brashi asubuhi na jioni, samadi akaitia shambani, akapanda viazi. Baada ya mavuno akabeba kikapu cha viazi, akaivuka mbuga. Mama Nshoma akamtazama tumbo.

"Umenenepa, Luhende."

Viazi vikamdondoka Luhende. Aliyajua maneno yanayofuata, aliyatunga mwenyewe.

"Ndivyo nilivyotaka," akasema mama Nshoma. "Ingia, tule."

Basi wanangu, ng'ombe uliyempa mwenzio ndiye akiba yako, na mwenye kijicho huvunja ghala lake kwa mkono wake.

Hadithi nimeikama, kibuyu kimejaa. Ikiwa tamu, kunyweni. Ikichacha, mleteeni mke wangu, yeye hupenda mgando. Na wewe uliyekaa pale, acha kutazama nyama ya jirani yako. Sahani yako nayo imejaa!