Sajenti Ndani ya Kabati

Sajenti Maregesi alimpa Kidawa, mshonaji wa Mtaa wa Kisimani, siku tatu afute malalamiko aliyoandika kwamba sajenti hupiga raia.

"Usipofuta, nitakufungulia kesi. Kosa halikosekani," alimwambia.

Siku ya tatu Kidawa alirudi kutoka sokoni, akasikia chafya kabatini mwake. Akazungusha ufunguo upesi.

"Nani humo?"

"Polisi! Fungua!"

"Una hati ya upekuzi?"

"Sina!"

"Polisi haingii nyumba ya mtu kupekua bila hati. Wewe ni mwizi."

"Basi fungua unitazame!"

"Kufungua ni kupekua, ndugu yangu, na mimi pia sina hati."

Wanaume sita walilibeba kabati hadi mahakamani, sajenti akifoka njia nzima. Hakimu akaamuru lifunguliwe.

"Uliingia humo kufanya nini?"

"Mheshimiwa, nilivizia bangi! Huyu mwanamke alimwambia dada yake kwamba leo gunia zima litaletwa lifichwe kabatini."

"Ulimsikia wapi?"

"Kwenye simu. Mwezi mzima nasikiliza simu zake."

"Kwa kibali cha mahakama ipi?"

Hakimu akamgeukia Kidawa.

"Nawe, huyo dada yako aitwe aje atoe ushahidi."

"Mheshimiwa, mama yangu alinizaa peke yangu," alisema Kidawa. "Niliyempigia ni mteja wa gauni, na mpaka leo anashangaa. Maneno yale nilikuwa namwambia sajenti."