Mbegu za Tumadhir

Wapokezi wa habari za watu wema wametusimulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa milimani huko Sham aliishi mwanamke mcha Mungu aitwaye Lubaba, mke wa Qudama. Alikuwa mwingi wa swala na mwingi wa sadaka. Ila ulimi wake, Allah amrehemu, ulikuwa mwepesi, na kusubiri kulimshinda kabisa.

Vuli moja jirani yake Hunayda alinuia kwenda Hija. Mama huyu alikuwa amefiwa na binti yake wa pekee, Tumadhir, na alichobaki nacho ni kifuko cha mbegu za ua fupi la mlimani, lisilozidi shibiri, jekundu kwa nje na la manjano kwa ndani, lenye kichwa kilichoinama. Binti alikuwa akiliita Mwenye Haya. Siku ya safari Hunayda alikitia kifuko mkononi mwa Lubaba.

"Dada, hii ni amana. Unioteshee uani kwako, maana kwangu hatabaki mtu. Lakini sikiliza, mbegu hizi huwa..."

"Nenda, msafara utakuacha," Lubaba alimkata. "Nimepanda kunde na bizari tangu sijajua kufunga ushungi. Mimi leo ni wa kufunzwa kupanda ua?"

Hunayda akaenda zake.

Basi Lubaba akafanya kama walivyofanya watu wote wa mji ule, waliozoea kufukia mbegu kina cha kiganja ili shomoro wasizile. Akazifukia vyunguni, akavipanga vyungu karibu na tanuri vipate joto, akawa anamwagilia asubuhi na jioni. Hakikuota kitu. Akafukua kutazama, akafukia tena. Akaongeza samadi. Hakikuota kitu. Na lililomkera kuliko yote ni mumewe, ambaye kila akitoka kwenda msikitini hupita penye vyungu, huchungulia, kisha husema kwa upole, "Subira, Lubaba."

"Haya, chukua ndoo nawe," alimwambia siku moja, "usubiri huku unamwagilia."

Qudama akachukua ndoo, akamwagilia kwa adabu zote, na vyungu vikabaki vilevile.

Mawingu ya theluji yalipoanza kukusanyika, mambo yalikuwa yamemfika Lubaba kooni. Akabeba vyungu vyote pamoja na kifuko kilichobakiwa na mbegu, akazunguka nyuma ya nyumba, akamimina kila kitu chini ya ukuta. "Potelea mbali," akasema. Theluji ikaanguka ikafunika. Hasira ilipompoa, akakumbuka lile neno amana. Akamwomba Mola wake msamaha, lakini alijua kwamba msamaha wa Hunayda hauombwi kwenye mswala.

Theluji ikayeyuka, na habari ikafika mjini kwamba mahujaji wamekaribia. Lubaba akapanda mlimani, akang'oa Mwenye Haya mmoja mwenye maua kati ya mawe, mzizi wake mrefu ukakatikia humohumo, akamtia kikapuni. Akarudi na jembe hadi chini ya ule ukuta, ambako udongo ulikuwa laini, achimbe wa kumpandia chunguni. Palikuwa pameota vijimea vidogo, majani yake kama giligilani. Magugu nayo, akanung'unika. Kila kitu kinaota nyumba hii isipokuwa ninachokipanda.

Qudama akamkuta hapo, akatazama kikapu. "Ulisema hazikuota."

"Hazikuota. Lakini ua ni ua, Qudama. Mama aliyefiwa nimrudishie chungu kitupu? Namhurumia."

"Unamhurumia yeye, au unajihurumia wewe?"

Alitamani kumrushia jembe, Allah amsamehe. Badala yake akaliinua alime. Kabla halijashuka, sauti ya Hunayda ikatoa salamu uani.

Akaja na vumbi lake la safari, akaliona ua kikapuni. "Limeota," akasema, machozi yanamtoka. "Ua la mwanangu limeota."

Ilikuwa rahisi mno. Hakuhitaji hata kusema uwongo, kunyamaza kungetosha. Lubaba akaliweka jembe chini.

"Si lake, dada. Hili nimeling'oa mlimani leo. Mbegu za Tumadhir nilizifukia hazikuota, na zilizobaki nilizitupa kwa hasira. Nimekhini amana yako."

Hunayda akajifuta machozi kwa ushungi. "Nilitaka kukwambia, hukunipa nafasi."

"Najua."

"Unanikata maneno tangu tuko wasichana, Lubaba."

"Najua."

"Leo utanisikiliza hadi mwisho. Mbegu hizi hazifukiwi. Zinataka mwanga, na zinataka baridi. Mwanangu alikuwa akizimwaga tu juu ya udongo kabla ya theluji, nami nikimgombeza kwamba anazitupa." Hapo akasita. "Wewe ulizitupa wapi?"

Lubaba akaonyesha kwa kidole. Hunayda akapiga magoti, akayashika yale majani kama giligilani kwa ncha za vidole, akawa anacheka na kulia pamoja. "Ndiyo haya. Maua mpaka mwakani, lakini ndiyo haya."

Lubaba akalitazama jembe lililolala hatua moja kutoka kwenye majani yale, akalisogeza mbali. Qudama akafungua kinywa.

"Usiseme," Lubaba akamwambia. "Nalijua neno lenyewe."

Qudama akafumba kinywa, akaenda kuchota maji.

Tusidanganyane, ndugu zangu. Hasira ya Lubaba haikuwa wema, hata kama Mola aliotesha ndani yake. Kilichomwokoa ni kusema kweli kabla jembe halijashuka. Nasi tumeinua majembe mangapi ili tufiche tulichoharibu, ilhali palepale chini kinaota kile tunachokililia? Mwenyezi Mungu atujaalie tuyaweke chini mapema.